Tanipu: mboga iliyodharauliwa ikabadili kilimo cha Ulaya

Tanipu ilirudi kwenye vichwa vya habari vya Uingereza Februari 2023. Nyanya na matango yalikuwa yameadimika madukani kwa sababu ya hali mbaya ya hewa Hispania na Morocco, na wanunuzi wakawekewa kikomo. Tarehe 23, Thérèse Coffey, waziri wa mazingira na chakula, alisema bungeni kwamba kama watu wangekula kwa kufuata msimu, wengi wakati ule wangekuwa wanakula tanipu badala ya kuwaza nyanya na saladi. Alichekwa sana. Hata hivyo hakukosea kuhusu kilimo, maana tanipu ni zao la baridi. Alichogusa ni jina lililobeba dharau ya karne nyingi.

Mmea huu ni wa ukoo wa kabichi, sukuma wiki na haradali. Wengi huita kinacholiwa mzizi, lakini sehemu kubwa ya lile bonge la mviringo ni shina la chini lililovimba. Mzizi hasa ni ule mkia mwembamba ulio chini yake. Bega lililochomoza juu ya udongo na kupigwa na jua hugeuka zambarau, na upande uliofukiwa hubaki mweupe. Ukilikata, ndani ni jeupe, lina maji mengi na ukali kidogo wa haradali. Majani nayo ni mboga nzuri. Hukomaa kwa takriban miezi miwili, na ukiachwa shambani hadi mwaka wa pili hutoa maua ya njano yenye petali nne.

Utafiti wa jeni uliochapishwa mwaka 2021 unaelekeza asili yake Asia ya Kati, kwenye milima ya Hindu Kush, kati ya miaka 3,500 na 6,000 iliyopita. Warumi waliithamini: Pliny aliandika kwamba kwa wakulima wa ng'ambo ya mto Po, tanipu ilishika nafasi ya tatu baada ya divai na nafaka. Walisimulia pia habari za jemadari Manius Curius Dentatus, aliyefuatwa na wajumbe wa Wasamni, maadui wa Roma, wakiwa na dhahabu ya kumhonga. Walimkuta mekoni akijipikia tanipu. Aliwarudisha na dhahabu yao, kwa kuwa mtu anayetosheka na chakula kile hana cha kununuliwa.

Jina linalotajwa zaidi katika historia ya zao hili ni la Charles Townshend, mwanasiasa wa Uingereza aliyezaliwa mwaka 1674. Yeye na mwanasiasa mwenzake Robert Walpole walikuwa majirani huko Norfolk, mashariki mwa Uingereza, na mashemeji, kwani Townshend alimuoa Dorothy, dada yake Walpole. Mwanzoni Townshend ndiye aliyekuwa mkubwa. Kisha mambo yakageuka: Walpole akashika hatamu za serikali, na kuanzia mwaka 1722 akajenga jumba la Houghton lililoifunika fahari ya Raynham, nyumbani kwa shemeji yake. Dorothy alifariki mwaka 1726, na kiungo kikakatika. Walpole mwenyewe anasimuliwa kueleza kwamba kampuni ilikwenda vizuri ilipoitwa Townshend na Walpole, ikaharibika majina yalipopinduliwa. Inasemekana siku moja walikunjana mashati mbele ya wageni, mikono ikielekea kwenye panga. Mei 1730 Townshend alijiuzulu, akarudi Raynham na kuyapa mashamba yake muda wote uliobaki hadi alipofariki mwaka 1738. Watani wakamwita Townshend wa Tanipu.

Mfumo aliousifia bila kuchoka ulikuwa wa mazao manne kwa zamu: ngano, tanipu, shayiri, kisha klova, mmea wa malisho. Kabla ya hapo sehemu ya shamba ililazwa bila zao ili ipumzike. Sasa tanipu ilipandwa, ikapaliliwa ili kuua magugu. Wakati wa baridi kondoo walizungushiwa uzio wa muda mlemle shambani, wakazitafuna zikiwa bado ardhini na kuacha samadi mahali pake. Klova ilirudisha naitrojeni. Udongo mwepesi wa kichanga wa Norfolk ukaanza kutoa shayiri ya kuuzwa.

Lakini sifa anayopewa bwana huyu imepita kipimo. Wanahistoria wameonyesha kwamba tanipu ilikuwa ikilimwa kwa ajili ya mifugo mashariki mwa Uingereza kabla hajazaliwa. Wenye haki ya sifa hiyo ni wakulima ambao majina yao hayakuandikwa popote, na vibarua walioipalilia kwa jembe la mkono.

Kufanikiwa kama malisho ndiko kulikoishusha hadhi, maana chakula cha kondoo hakipewi heshima mezani. Dharau hiyo ikawa uchungu Ujerumani mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, mavuno ya viazi yalipoanguka huku meli za Uingereza zikizuia bandari. Watu walikula mkate, supu hata jamu ya zao ndugu, tanipu ya Uswidi, iliyozaliwa na tanipu na kabichi. Msimu ule wa njaa unaitwa Baridi ya Tanipu hadi leo.

Kwa Kiingereza tanipu hiyo ya Uswidi na mtu wa Uswidi huitwa kwa neno moja. Ndiyo maana timu ya Uswidi ilipoifunga England 2–1 kwenye mashindano ya Ulaya mwaka 1992, gazeti la The Sun lilichapisha kichwa cha kocha Graham Taylor kikiwa kimegeuzwa tanipu. Alibaki na jina hilo kwa miaka mingi, na hakustahili.

Kiswahili hakijapata jina lake lililozoeleka. Figili, ambalo wengine hulitumia, ni mmea mwingine. Lakini spishi ambayo mtaalamu wa mimea Linnaeus aliiandika mwaka 1753 kuwa Brassica rapa ilifika pia China, na huko ikachaguliwa kwa ajili ya majani badala ya bonge. Majani hayo ndiyo chainizi inayouzwa kwa mafungu katika masoko ya Tanzania. Chainizi na tanipu ni spishi moja.