Kompyuta Inapojipunguza Kasi kwa Joto

Kompyuta mpakato ikianza kuwa nzito, mafundi wengi wa Dar es Salaam huanza na tiba moja: kuipiga Windows upya. Mafaili yanahamishwa, programu zinafutwa, mteja analipa na kwenda zake. Baada ya muda uzito unarudi, hasa mchana, hasa akihariri video au kucheza michezo mikubwa. Mara nyingi Windows haikuwa na kosa lolote. Prosesa ilipata joto ikaamua kutembea badala ya kukimbia.

Kwa Kiingereza kitendo hicho huitwa thermal throttling. Kiswahili kinalo tayari jina la hatua inayokitangulia: kuchemka. Neno hili husikika gereji, ambako gari lililoishiwa maji kwenye rejeta husemwa limechemsha, na hutumika pia kwa simu na kompyuta bila kusubiri kikao cha wanaistilahi. Ni neno zuri, ila linaishia nusu ya habari. Gari lililochemsha husimama kando ya barabara boneti ikiwa wazi, na kila mpita njia anajua tatizo. Prosesa ya siku hizi haisimami. Inaendelea na kazi kwa kasi pungufu, bila ujumbe wowote kwenye kioo, na mwenye mali anabaki kulaumu virusi.

Karibu umeme wote unaoingia kwenye prosesa hutoka kama joto. Pentium za kwanza za Intel za mwaka 1993 zilitumia kama wati 15. Mwaka 2004, Pentium 4 za familia ya Prescott zilifikia wati 115 kwenye kipande cha silikoni chenye ukubwa wa milimita za mraba 112 tu. Ndani ya kipande hicho kuna vihisi vya joto. Prosesa nyingi za Intel za mpakato zimewekewa kikomo cha nyuzijoto 100. Ryzen 7000 za AMD, zilizotoka mwaka 2022, zina kikomo cha 95. Kikomo kikifikiwa, prosesa hushusha idadi ya mapigo yake kwa sekunde pamoja na volti. Matumizi ya umeme hufuata mapigo hayo na mraba wa volti, kwa hiyo kupunguza kidogo vyote viwili huleta nafuu kubwa. Joto likizidi kupanda hata hivyo, mashine hujizima.

Hali haikuwa hivi siku zote. Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilirekodi jaribio la ukatili kidogo: kipozajoto, yaani kile kipande cha chuma chenye mapezi na feni, kiling'olewa huku kompyuta zikiendesha mchezo wa Quake III. Athlon ya AMD ilipita nyuzijoto 300, ikafuka moshi na kufa. Pentium III iliganda tu. Pentium 4 ilianza kusuasua, na kipozajoto kiliporudishwa ikashika mwendo wake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Sasa kuhusu jina. Neno la Kiingereza lina undugu na koo, na tafsiri ya moja kwa moja ingekuwa kukaba. Lakini anayekaba ni kibaka, na anayekabwa hakujitakia. Hapa hakuna mtu wa pili. "Kudhibiti joto" ni pana mno, kwa sababu hata feni inadhibiti joto. "Kupunguza kasi" hakusemi nani kapunguza wala kwa nini. Linalofaa zaidi ni kujipunguza kasi kwa joto: silabi -ji- inaonyesha kwamba mashine imejifanyia yenyewe, na "kwa joto" inataja chanzo. Chanzo lazima kitajwe, maana mpakato hujipunguza pia kwa sababu ya umeme, kwa mfano ikichomekwa chaja yenye wati pungufu. Ni refu, kweli, lakini fundi akilisema mteja ataelewa bila kufunuliwa kamusi.

Likishakuwa na jina, tatizo linapimika. Programu za HWiNFO na Core Temp, au amri ya sensors kwa watumiaji wa Linux, huonyesha joto la prosesa. Pembeni yake itazamwe kasi kwa gigahezi. Joto likiganda kwenye kikomo na kasi ikashuka chini ya ile ya msingi, jibu limepatikana. Prosesa ikiwa ya baridi na kompyuta bado nzito, huenda aliyekosa ni diski au memori. Hali ya hewa nayo ihesabiwe: chumba chenye nyuzijoto 32, jambo la kawaida Dar es Salaam mwezi Februari, huiongezea prosesa karibu nyuzijoto 10 kuliko chumba chenye kiyoyozi cha 22.

Tiba yenyewe ni ya mikono. Mpakato iondolewe juu ya godoro, maana mara nyingi matundu ya hewa yako chini. Vumbi lipulizwe kwa blowa, feni ikiwa imeshikwa isizunguke, kwa kuwa ikizungushwa kwa nguvu inaweza kuzalisha umeme na kuharibu saketi. Kisha pesti iliyokauka kati ya prosesa na kipozajoto ifutwe kwa spiriti isiyo na mafuta na kupakwa mpya, kiasi kidogo. Shaba hupitisha joto zaidi ya mara 10,000 kuliko hewa, na kazi ya pesti ni kuifukuza hewa iliyojificha kwenye mikwaruzo isiyoonekana. Dawa ya meno, ambayo wabunifu huijaribu, hufanya kazi mpaka ikauke.

Wakati mwingine kosa si la vumbi wala la fundi. Julai 2018, mwanayoutube Dave Lee alionyesha MacBook Pro mpya ya Core i9 ikichukua dakika kama 39 kutoa video ambayo, ikiwa ndani ya friza, iliimaliza kwa 27. Siku chache baadaye Apple ilikiri hitilafu kwenye programu yake ya kusimamia joto na kutoa marekebisho. Kwa upande mwingine, MacBook Air ya mwaka 2020 yenye chipu ya M1 haina feni kabisa. Kazi nzito ikirefuka hujipunguza kasi, na hakuna cha kutengeneza, kwa sababu hivyo ndivyo ilivyosanifiwa.