Masomo ya Misioni na Jamaa Zetu

Katika siku hizi za yubile tunahesabu batiso, ndoa na mapadri waliozaliwa kwetu. Ni vema kufanya hivi. Lakini sisi tuliopewa kazi ya kuandika kurasa hizi tumependa kukumbuka mlango mwingine, ule wa nyumba ya masomo, na watu wote walioupita, hata wale ambao hawakushika kalamu maisha yao yote.

Tuanze Mpala, kandokando ya ziwa Tanganyika. Kapiteni Storms, Mbelgiji, alijenga boma pale mwaka 1883. Mwaka 1885 liliingia mikononi mwa Mapadri Weupe. Wengi kati ya watoto wa kwanza waliofundishwa pale hawakuletwa na wazazi wao, kwa maana walikuwa wamekombolewa katika biashara ya watumwa. Hawakuwa na mama wa kuwapikia wala mjomba wa kuwatafutia mke. Basi masomo yalipaswa kuwa jamaa yao: yaliwalisha, yaliwavika, yaliwauguza, kisha yaliwaoza na kuwaonyesha mahali pa kujenga. Tuseme na upande mwingine, maana yubile si siku ya kuficha. Mtoto wa namna ile hakuwa na kwao pa kukimbilia. Alilima shamba la misioni, apende asipende, na hakuna aliyemwuliza kama anataka kusoma.

Hata hivyo, desturi ilizaliwa pale: mwenye kufundisha ndiye pia mwenye kutibu. Kardinali Lavigerie alifungua huko Malta, mwaka 1881, nyumba ya kufundishia vijana wa Afrika uganga wa kizungu pamoja na dini. Mmoja wao, Adrian Atiman, aliyekuwa mtumwa utotoni, alivuka nchi hata Karema, ng'ambo ya ziwa letu, akatibu watu na kufundisha katekismo mpaka kufa kwake mwaka 1956. Upande wetu Kapiteni Joubert, aliyefika mwaka 1887, alikuwa askari, lakini wagonjwa walimfuata pia.

Mwaka 1899 kijana Stefano Kaoze aliingia masomo ya Mpala. Baadaye akaendelea Lusaka, huko milimani, na tarehe 21 Julai 1917 akapewa upadri, wa kwanza kati ya Wakongo wa nyakati hizi. Habari yake inajulikana na wote. Habari isiyoandikwa ni ile ya wenzake ambao hawakuwa mapadri, waliotumwa vijijini kama makatekista. Kila mmoja alikuwa na kibanda cha udongo na nyasi: Siku ya Mungu kanisa, siku nyingine kalasi. Jioni watu wazima walikuja kwa shida zao. Huyu alileta karatasi ya kodi, apate kujua serikali inamdai nini. Yule alileta kidonda. Wengine walileta ugomvi wa mbuzi.

Zaidi ya yote walileta barua. Tangu Union Minière ilipoundwa mwaka 1906, wanaume wengi wa Katanga walikwenda kutumika katika shaba, na wake zao walibaki kulima. Barua ilipofika, mama alimwita mtoto wake wa kalasi ya tatu amsomee. Hivi mtoto alijua mambo ambayo, kwa desturi ya wazee wetu, hakupaswa kuyajua: deni la baba, ukali wa mama kwa shemeji, hata jina la mwanamke mwingine kule mjini. Kuna watoto waliojifunza kuruka mistari kwa huruma. Huo nao ulikuwa utumishi wa masomo kwa jamaa, ingawa hakuna mkaguzi aliyeuandika.

Mapatano ya tarehe 26 Mei 1906, kati ya Roma na Serikali ya Leopold, yaliahidi kila misioni hektari 100 mpaka 200 za ardhi, na misioni ikapaswa kuweka masomo yenye mafundisho ya kulima na ya ufundi. Ndiyo sababu penye masomo ya zamani tunaona miembe, karakana ya seremala na tanuru ya matofali. Masista nao walifundisha wasichana na wamama kushona, kupika na kulea watoto. Walisaidia sana. Lakini sisi tunaona kwamba msichana alipewa sindano mapema, na kitabu alikipata kwa kuchelewa mno.

Kisha njia iligeuka. Tarehe 30 Desemba 1974 serikali ya Zaire ilitwaa masomo yote ya dini. Ilipofanya mapatano na Eklezia tarehe 26 Februari 1977, mapadri walirudishiwa uongozi. Mishahara ilibaki kazi ya serikali, nayo ikazidi kuwa kitu bure. Baada ya mwaka mweupe wa 1991-1992, wakati kalasi zilipofungwa kwa migomo, wazazi walikubali kuwaongezea walimu mshahara kwa fedha yao wenyewe. Fedha ile iliitwa prime. Waliuza mihogo na samaki wapate kuilipa, na mtoto wa asiyelipa alifukuzwa mbele ya wenzake. Zamani masomo yalibeba jamaa. Sasa jamaa zilibeba masomo mgongoni, miaka zaidi ya 25.

Mwezi wa Septemba 2019 serikali ilianza kutimiza neno la Katiba ya 2006, kwamba masomo ya primere ni ya bure. Watoto walimiminika. Nasi tulifurahi, ila tulisikia pia neno hili kwa wazazi fulani: «Sasa masomo ni ya serikali, si yetu tena.» Neno hilo limetusumbua tulipokuwa tukiandika. Kwa maana kujua kusoma kwa wamama, dawa ya vidonda, barua, ugomvi wa mbuzi, vyote vilikuwa vya jioni, na jioni haikulipwa kamwe na prime wala na serikali. Tunauliza komite ya wazazi ya parokia hii: saa nane, watoto wakiisha kurudi nyumbani, ufunguo wa kalasi unakaa kwa nani?