Nani Atalipia Betri?

Betri ya shimesikio, kifaa cha kumsaidia asiyesikia vizuri, hutosha kwenye ncha ya kidole. Mgongoni ina kibandiko cha rangi, na chini ya kibandiko kuna vitundu vidogo. Ukikibandua, hewa inaingia, zinki iliyomo ndani inaanza kuungana na oksijeni, na umeme unatoka. Hapo hakuna kurudi nyuma. Uivae au uiweke kabatini, betri hiyo imeshaanza safari ya kufa. Anayevaa kifaa kutwa nzima huibadilisha baada ya wiki moja au mbili hivi.

Kipande hicho kidogo ndicho kilichoamua, kwa miaka mingi, ni maskini gani atasikia na ni yupi atakayebaki na kifaa kizuri kisichotoa sauti. Wanaogawa shimesikio bure wamekuwa wakipiga hesabu ya vifaa. Mpokeaji hupiga hesabu ya betri.

Hapo zamani swali la maskini halikuulizwa hata kidogo. Kampuni ya F. C. Rein ya London ilikuwa ikitengeneza pembe za kusikilizia tangu mwaka 1800, nyingine za fedha, nyingine zimefichwa kwenye vyombo vya mezani ili mgeni asijue kwamba mwenyeji wake hasikii vizuri. Mwishoni mwa karne ya 19 Miller Reese Hutchison, Mmarekani wa Alabama, alitengeneza kifaa cha umeme, na miongoni mwa waliokitumia ni Malkia Alexandra wa Uingereza. Kusikia kwa msaada wa kifaa kulikuwa jambo la ikulu na sebule kubwa. Vifaa vya valvu, mirija ya kioo ya kukuzia sauti, vilipokuja miaka ya 1920, bei ilibaki juu. Ufa wa kwanza wa maana ulionekana mwaka 1943, kampuni ya redio ya Zenith ya Chicago ilipouza shimesikio kwa dola 40, wakati washindani wake wakiuza kwa mara kadhaa ya fedha hizo.

Bei nafuu ni jambo jema, lakini bado ni bei. Hatua ya kutoa bure kwa taifa zima ilichukuliwa Uingereza, na inastahili kutazamwa kwa karibu kwa sababu waliofanya hivyo waliona mbali kuliko wengi waliokuja baada yao.

Mwaka 1944, mabomu yakiwa bado yanaanguka London, Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza liliunda kamati ya wataalamu wa sauti na umeme. Kazi yao ilikuwa kubuni shimesikio moja ambayo ingewafaa watu wengi, itengenezwe na viwanda vya redio vilivyokuwepo, na igharamiwe na serikali. Mafundi wa Posta, ambao ndio waliokuwa wakiendesha simu za nchi hiyo, walishika sehemu kubwa ya usanifu. Jina la kifaa lilitokana na jina la Baraza lenyewe: Medresco. Tarehe 5 Julai 1948, siku Huduma ya Taifa ya Afya ilipoanza chini ya waziri Aneurin Bevan, raia asiyesikia vizuri alipata haki ya kwenda kliniki, kupimwa na kupewa Medresco bila kutoa hata senti.

Hakikuwa kifaa cha kupendeza. Boksi la kukuzia sauti lilivaliwa kifuani, waya ukapanda hadi sikioni, na waya mwingine ukashuka hadi kwenye mfuko wa betri. Valvu zilihitaji betri za aina mbili, moja ya kupasha nyuzi za valvu moto na nyingine yenye volti nyingi ya kuendesha mkondo. Betri hizo zilikuwa kubwa na nzito kuliko kifaa chenyewe. Mwanamke aliyevaa gauni alilazimika kutafuta mahali pa kuficha mzigo huo, na wapo waliopewa wakaufungia kwenye droo. Foleni nazo zilikuwa ndefu, maana waliokuwa wamenyamaza miaka yote walijitokeza kwa mkupuo.

Hata hivyo serikali ilitoa kitu ambacho wafadhili wengi wa baadaye walikisahau: betri nazo zilikuwa bure, na matengenezo pia. Kifaa kilihesabiwa kuwa mali ya huduma ya afya, mgonjwa akiwa amekopeshwa tu, kwa hiyo kikiharibika kilirudi kwa mwenyewe kutengenezwa. Mwaka 1951 serikali iliyobanwa na gharama ilianza kutoza watu kwa ajili ya meno bandia na miwani, na Bevan akajiuzulu kwa hasira. Shimesikio haikuguswa. Mpaka leo Mwingereza anayepewa kifaa hicho hospitalini hupewa na betri.

Zawadi nyingine kubwa ya enzi hizo ilitoka mahali pasipotarajiwa, kwenye ofisi za mawakili wa hataza. Maabara za Bell za Marekani zilivumbua transista, mbadala mdogo wa valvu, mwishoni mwa mwaka 1947. Kampuni nyingine zilitakiwa kulipia haki ya kuitumia, lakini watengenezaji wa shimesikio walisamehewa malipo hayo kwa heshima ya Alexander Graham Bell, aliyekuwa mwalimu wa viziwi kabla ya kuwa mtu wa simu. Ndiyo maana moja ya bidhaa za kwanza kabisa za transista kufika dukani ilikuwa shimesikio, ile ya kampuni ya Sonotone, mwishoni mwa mwaka 1952. Kwa mvaaji, maana ya transista ilikuwa moja: ule mfuko wa betri nzito uliondoka, na gharama ya kukiendesha kifaa ikashuka vibaya sana.

Marekani yenyewe haikufuata njia ya Uingereza. Sheria ya mwaka 1965 iliyoanzisha Medicare, bima ya afya ya wazee, ilitaja shimesikio miongoni mwa vitu ambavyo bima hiyo haitalipia. Pengo hilo liliachiwa hisani: vilabu vya Lions vinavyoweka masanduku ya kukusanyia vifaa vya marehemu na vya waliobadilisha, mafundi wanaovisafisha na kuvirekebisha, na fomu ambazo mzee wa kipato kidogo hujaza akithibitisha umaskini wake. Inauma kwamba nchi tajiri kiasi hicho iliuacha usikivu wa wazee wake utegemee masanduku ya michango.

Afrika ilifikiwa na vifaa hivyo zaidi kupitia shule. Tanganyika ilipata shule yake ya kwanza ya viziwi Tabora mwaka 1963, chini ya Kanisa Katoliki, na Buguruni, Dar es Salaam, ikafuata mwaka 1974. Uingereza nako kulikuwa kumeundwa, mwaka 1959, chama cha kusaidia viziwi wa Jumuiya ya Madola, ambacho baadaye kilijulikana kama Sound Seekers na kupeleka hata magari yaliyogeuzwa kliniki za masikio. Vifaa vilikuja. Lakini kifaa kilichofanya kazi vizuri Leeds, Uingereza, kilikutana na mambo mengine kabisa Tabora au Mtwara: jasho, vumbi, unyevu wa pwani unaokula nyaya, na duka la betri lililo umbali wa siku nzima ya basi. Kipande cha sikioni, ambacho hutengenezwa kwa kalibu ya sikio la mtu mwenyewe, kilikuwa cha mtu mwingine, basi kikapwaya na kupiga mluzi. Mtoto naye hukua, na sikio lake hukua pamoja naye. Kalibu ya mwaka jana haimtoshi tena.

Jibu lililolenga betri moja kwa moja lilitoka Botswana. Katika kijiji cha Otse, kusini mwa Gaborone, jumuiya ya Camphill inayohudumia watu wenye ulemavu ilikuwa na karakana ndogo iliyoitwa Godisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alifika huko Howard Weinstein, mfanyabiashara wa Kanada, akaikuza pamoja na vijana waliokuwepo. Walitengeneza shimesikio ya bei ya chini na, muhimu zaidi, betri ndogo za kuchaji pamoja na chaja inayotumia jua. Betri moja iliweza kudumu miaka miwili hadi mitatu badala ya wiki moja, na chaja ilihitaji kitu ambacho Botswana inacho tele. Waliokuwa wakiunganisha vipande hivyo kwa risasi ya moto na koleo ni viziwi. Weinstein alikuwa akisema kwamba mikono iliyozoea lugha ya alama ina ustadi unaofaa kazi hiyo. Baadaye ujuzi huo ulivuka bahari hadi São Paulo, Brazili, ambako viziwi wa huko walifundishwa kazi ileile.

Wakati Otse wakichomelea, Shirika la Afya Duniani lilitoa mwaka 2001 mwongozo wa shimesikio kwa nchi zinazoendelea. Mwongozo huo ulidai kifaa kiende pamoja na kipimo, kalibu ya sikio, betri na mtu wa kumfuatilia mvaaji. Wafadhili wakubwa hawakuwa wote na subira hiyo. Wakfu wa Starkey wa Minnesota, ulioanzishwa mwaka 1984 na William Austin, uliahidi mwaka 2010 kutoa shimesikio milioni moja ndani ya muongo mmoja, na timu zake zikafika nchi nyingi za Afrika, Tanzania ikiwemo. Katika kambi hizo mamia ya watu hukaa kwenye viti vya plastiki, na fundi hupita akiwavalisha mmoja baada ya mwingine. Furaha ya siku hiyo ni ya kweli. Kumwona mama akigeuka kwa kuitwa jina lake si jambo dogo. Wakfu huo wenyewe ulikuja kuongeza mpango wa huduma za ufuatiliaji, jambo linaloonyesha kwamba siku moja haikutosha.

Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2021 ilikadiria kuwa watu milioni 430 wanahitaji huduma ya usikivu, na kwamba kati ya wanaoweza kufaidika na shimesikio ni asilimia 17 tu wanaoitumia. Mwaka 2024 Shirika hilo likatoa mwongozo mwingine unaokubali kwamba wataalamu wa usikivu hawatatosha hivi karibuni, na kwamba wahudumu wasio wataalamu, wakifundishwa vizuri, wanaweza kupima, kuvalisha na kurudi kumwangalia mvaaji. Vifaa vipya vingi sasa huchajiwa. Kijijini kwenye umeme wa jua hiyo ni nafuu kubwa. Kusiko na umeme, mvaaji atamlipa mwenye kibanda cha kuchaji simu, na hesabu ya betri itaanza upya kwa jina jingine.