Bunduki ya vita inavyogeuzwa kuwa ya kuwindia

RAIS mstaafu wa Marekani, Theodore Roosevelt, alipowasili Mombasa Aprili 1909 kwa safari ya uwindaji, miongoni mwa silaha zake ilikuwamo Springfield, bunduki ya jeshi la nchi yake, iliyotengenezewa kitako cha kuwindia.

Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza na vya Pili, mafundi wengi, hasa Marekani, waliifuata njia hiyo kwa kuwa bunduki kuukuu za kijeshi ziliuzwa kwa bei nafuu. Iliyosifiwa mno ni Mauser ya Ujerumani ya 1898, ambayo komeo lake lina meno mawili mbele na la tatu la akiba nyuma.

Fundi huhifadhi komeo pamoja na kiunzi chake, kisha hubadilisha karibu kila kitu kingine: mtutu, kifyatulio na kitako, ambacho aghalabu huchongwa kwa mbao za mjozi. Mkono wa komeo hupindwa chini ili usigonge darubini.

Hata hivyo, urembo hauponyi chuma kibovu. Springfield za awali, zenye nambari chini ya 800,000, zilipashwa moto uliokadiriwa kwa macho tu kiwandani; baadhi zikapasuka zilipofyatuliwa. Ndiposa fundi mwangalifu hukagua kiunzi kabla ya kugusa mbao.

Isitoshe, bunduki adimu ikishakatwa hupoteza thamani yake kwa wahifadhi wa vitu vya kale, wala hairudi ilivyokuwa.