Kenya: Jinsi injini ya Peugeot 404 inavyopozwa, na kinachowashinda wanaoifufua

Miongoni mwa magari ya zamani yanayotafutwa na wapenzi wa ukarabati nchini Kenya, Peugeot 404 ina heshima yake. Gari hilo, lililoingia sokoni mwaka 1960, lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mara nne: 1963, 1966, 1967 na 1968. Ushindi wa 1966 na 1967 ulikuwa wa Bert Shankland, dereva aliyekuwa mkazi wa Tanzania. Tangu mwaka 2003 magari ya enzi hizo yamekuwa na mbio zake maalumu, ambazo mara kadhaa zimevuka mpaka na kuingia Tanzania.

Anayelifufua gari hili leo hukabiliana kwanza na joto. Injini huchemka, silinda hedi hufunguliwa, gasketi hubadilishwa, na baada ya wiki chache injini huchemka tena. Mara nyingi gasketi huwa imeponzwa na kasoro iliyo mahali pengine katika mfumo.

Bloku ya injini hiyo ni ya chuma cha kusubu, na silinda hedi ni ya aluminiamu. Ndani ya bloku husimama slivu nne, yaani mabomba ya chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka. Slivu hizo huzungukwa na maji moja kwa moja, na kinachoyazuia maji yasishuke kwenye oili ni sili nyembamba zilizo chini yake. Silinda hedi ndiyo inayozikandamiza zikae mahali pake. Hedi ikiondolewa, kisha mtu akaizungusha injini bila kuzibana slivu kwa vyuma, pistoni huweza kuziinua na sili zikaharibika. Fundi hufunga kila kitu kwa uangalifu, na siku mbili baadaye oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Kosa hilo la dakika moja limewagharimu watu injini nzima.

Sehemu ya pili ni feni. Magari mengi ya wakati huo yalikuwa na feni iliyozunguka muda wote injini inapowaka. Peugeot walitumia feni yenye klachi ya sumaku ya umeme. Maji yakiwa baridi, feni huachwa huru. Yakipata joto, swichi iliyo kwenye mkondo wa maji hufunga saketi, umeme hupita kwenye kaboni ndogo hadi kwenye koili, na sumaku hulishika feni lizunguke pamoja na puli. Nguvu na mafuta huokolewa. Lakini kaboni ikiisha, waya ukikatika au swichi ikifa, feni halishiki, na dereva hagundui mpaka anapokwama kwenye foleni. Njia ya mkato ni kulikaza feni lizunguke daima. Gari hutembea, ni kweli, ila mfumo wenye akili namna hiyo haustahili kuuawa kwa sababu ya kipande cha kaboni.

Kisha kuna mwinuko, jambo ambalo anayenunua gari pwani husahau. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi, takriban kilomita 480, huanzia usawa wa bahari na kufika mita 1,700 hivi. Nairobi maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzijoto 94, si 100. Kifuniko cha rejeta, kwa springi na mpira wake, hutunza shinikizo ili maji yachelewe kuchemka. Mpira ukichakaa, gari ambalo Mombasa au Dar es Salaam halikuonyesha dalili yoyote laweza kumwaga maji njiani. Kifuniko ni kifaa cha bei ndogo, na ndicho cha kukaguliwa kabla ya kuigusa hedi.

Mwinuko huo huo huigusa kabureta. Shinikizo la hewa Nairobi ni pungufu kwa karibu asilimia 18 likilinganishwa na la pwani, ilhali jeti za kabureta hazijirekebishi zenyewe. Mchanganyiko huwa na petroli nyingi kupita kiasi, plagi hupata masizi meusi, na injini huwa nzito. Wengi huishuku koili ilhali jeti ndizo za kubadilishwa.

Maji ya bomba peke yake nayo hula aluminiamu polepole na kujaza kutu kwenye bloku. Kulanti yenye kinga ya kutu ni ya lazima hata katika nchi isiyo na barafu. Kwa anayekagua gari kabla ya kulinunua, hatua tatu hutosha kuanzia: kuchomoa kijiti cha oili na kutazama rangi, kufungua kifuniko cha rejeta injini ikiwa baridi, na kupeleka umeme wa betri kwenye kaboni ya feni. Klachi iliyo nzima huitika kwa mlio mdogo unaosikika hata ukiwa umesimama kando ya boneti.