Selimundu: Seli zikifa vibaya, mwili unawaka

Mtoto wa miezi minane anavimba vidole vya mikono na miguu, ukimgusa tu analia. Nyarubungo, Kagera, si ajabu jirani akasema karogwa. Lakini inaweza kuwa selimundu, na damu ndiyo yenye majibu.

Seli nyekundu ya damu huishi takriban siku 120. Ikizeeka, seli za kinga huimeza kimyakimya, hasa kwenye bandama. Ya mgonjwa wa selimundu hudumu siku 10 hadi 20 tu. Hujikunja kama mundu, na nyingine hupasukia ndani ya mishipa na kumwaga hemoglobini. Kinga inaona hatari, inaanzisha uvimbe. Kuta za mishipa zinanata, damu inakwama, maumivu yanapanda.

Chanzo ni jeni, moja toka kwa baba, nyingine kwa mama. Wazazi wote wakiwa nayo moja moja, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa mtoto mgonjwa. Kila mimba, jamani. Kumpata mmoja hakuwalindi wanaofuata.

Mwenye jeni moja kwa kawaida haumwi, tena hukingwa dhidi ya malaria kali. Ndiyo maana Kanda ya Ziwa, yenye malaria nyingi, karibu mtu mmoja kati ya watano anayo.

Dawa ya haidroksiyurea hupunguza seli kujikunja na uvimbe. Mtoto mwenye selimundu akipata homa, apelekwe hospitali siku hiyohiyo: bandama yake huharibika mapema, na maambukizi humzidi haraka.