Safu ya lugha: Tegua

Kitendawili hutegwa kama mtego, kisha huteguliwa. Mnyambuliko wa -u- hugeuza kitendo kinyume: funga, fungua, fumba, fumbua, tega, tegua. Neno zuri mno kuachiwa vitendawili peke yake! Liingie pia kwenye michezo ya mezani ya upelelezi, kama Sherlock Holmes Consulting Detective, uliopata tuzo ya Spiel des Jahres ya Ujerumani mwaka 1985: wachezaji wote upande mmoja, ramani ya London katikati, kesi moja. Familia ya Mutoshi, Kolwezi, ikikaa hivyo jioni, na iseme, “Tunategua.” Kwenye kitendawili, aliyeshindwa hutoa mji, tuseme Likasi au Kolwezi yenyewe. Hapa wakishindwa, wameshindwa wote. Mji apewe kitinda mimba, naye afungue kesi inayofuata.